Namna ya Kufufua Herufi za Risasi

Usiwashe kompyuta bado. Fonti ya zamani hufufuliwa kwanza kwa macho, rula na subira. Kompyuta itakuja, na utaichoka.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna herufi ambazo watu wa nchi fulani walizichora, wakazisubu kwa risasi, wakachapia magazeti na vitabu vyao. Kisha teknolojia ikahama. Herufi zikabaki kwenye droo, au zikayeyushwa. Wewe unataka kuzisoma tena, kwenye simu na kwenye kitabu kipya. Huhitaji shahada ya sanaa. Unahitaji utaratibu, na mtu wa kukuonyesha penye utelezi.

Nitatumia mfano wa Polandi. Wapolandi wameifanya kazi hii mara kadhaa, kwa njia tofauti, na matokeo yake unaweza kuyapakua leo bila kulipa hata senti. Ipo na sababu ya pili, inayokugusa wewe unayesoma Kiswahili. Nitaifikia.

Chagua moja, tena ndogo

Utatamani kuchukua familia nzima: ya kawaida, ya mlazo, nzito, nyembamba. Acha. Chagua mtindo mmoja.

Tena anza na herufi za vichwa vya habari, si za matini. Mfano mzuri ni Cyklop. Ilichorwa miaka ya 1920 katika kiwanda cha kusubu herufi cha J. Idźkowski i S-ka, Warsaw. Haina serifu, yaani vile visigino vidogo mwishoni mwa mistari. Nguzo zake za wima ni nene kama miguu ya tembo, mistari ya mlalo ni myembamba, na ndani zimepasuliwa vijidirisha vya mstatili. Ukiiona mara moja huisahau. Janusz Nowacki aliitoa kama fonti ya kompyuta mwaka 2008, akaiongezea mtindo wa mlazo ambao ile ya risasi haikuwa nao. Angalia mpangilio wa kazi: kwanza kilichokuwepo, nyongeza baadaye.

Herufi kubwa za namna hii zinamsamehe mwanafunzi. Unaona kosa lako kwa urahisi, na msomaji hazisomi kurasa mia mbili mfululizo.

Fonti ya matini ni kazi nyingine. Nowacki huyohuyo aliifufua Antykwa Toruńska, iliyochorwa na Zygfryd Gardzielewski mjini Toruń katika miaka ya 1950 na kusubiwa Warsaw mwaka 1960. Hiyo ni herufi ya kusomwa ukurasa baada ya ukurasa. Kosa la unene wa unywele kwenye n litajirudia mara elfu kadhaa ndani ya kitabu kimoja. Iache iwe mradi wako wa pili.

Kabla hujaanza, tafuta kama yupo aliyekutangulia. Ukikuta fonti tayari ipo na leseni yake inaruhusu, saidia kuiboresha badala ya kuanza upya. Ukikuta leseni imefungwa, usiguse mafaili yake hata kwa kuchungulia. Chora kutoka kwenye skani zako mwenyewe.

Na haki? Uliza mapema. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kazi ya msanii hulindwa miaka 70 baada ya kifo chake. Jina la herufi nalo laweza kuwa limesajiliwa kama alama ya biashara hata pale mchoro wenyewe uko huru. Barua moja kwa familia ya msanii, au kwa makumbusho, itakuokoa na kesi ya miaka mitatu. Familia nyingi hufurahi kuulizwa.

Tafuta ushahidi wa aina mbili

Mwaka 2016, Janusz Tryzno wa makumbusho ya sanaa ya vitabu mjini Łódź alikuta kalibu za Brygada, herufi za kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia zilizodhaniwa kupotea kabisa. Mateusz Machalski, Borys Kosmynka na Przemek Hoffer wakazigeuza kuwa fonti. Mwaka 2018, Polandi ikitimiza miaka 100 tangu kurudi kuwa nchi huru, fonti hiyo ikatoka kwa jina la Brygada 1918.

Hao walikuwa na bahati. Wewe huenda huna kalibu. Lakini elewa kwanza kwa nini kalibu ni mali.

Kwa njia ya kale, fundi alichonga herufi kwenye ncha ya chuma kigumu. Chuma hicho kikagongwa juu ya kipande cha shaba, na shimo lililobaki ndilo kalibu. Humo ikamiminwa risasi iliyochanganywa na antimoni na bati. Herufi iliyotoka ikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Kila hatua iliongeza kitu au ilipunguza kitu. Kadiri unavyorudi nyuma, ndivyo unavyokaribia mkono wa aliyechora.

Kwa hiyo tafuta vitu viwili. Kimoja kikuonyeshe herufi ilivyokusudiwa: kalibu, herufi za risasi, michoro ya msanii, au kitabu cha sampuli ambacho viwanda vya kusubu vilichapa kwa uangalifu ili kuuza. Kingine kikuonyeshe herufi ilivyoishi: gazeti, kitabu cha shule, tangazo la sinema. Ukiwa na kimoja tu utadanganyika.

Wapi pa kutafuta? Maktaba ya taifa, idara ya magazeti ya zamani. Makumbusho ya uchapaji. Kiwanda kidogo cha chapa ambacho mzee mwenyewe bado yuko hai. Huyu wa mwisho mpe kipaumbele. Nenda na soda, kaa, uliza droo ya chini kabisa ina nini.

Ukishika kitu chenyewe, kumbuka mgeuko. Chuma cha kuchongea kimegeuka kama kwenye kioo, kalibu imenyooka, herufi ya risasi imegeuka tena, karatasi imenyooka. Andika kwenye kila picha umepiga nini. Mimi sikuandika, nikapoteza jioni nzima nikibishana na b iliyokuwa d.

Kalibu usizisugue kwa brashi ya waya, hata zikiwa chafu namna gani. Mkwaruzo mmoja ukiingia ndani ya shimo, herufi imebadilika milele. Brashi laini ya kupakia rangi inatosha kutoa vumbi. Na ukimaliza kushika risasi, nawa mikono kabla hujagusa chapati.

Skani kama mtu asiyepata nafasi ya pili

Mara nyingi hupati nafasi ya pili. Maktaba itakupa saa mbili, kitabu kitarudi ghalani.

Tumia DPI 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi, kwa herufi za matini. Hesabu ni rahisi. Herufi ya pointi 12 imesimama juu ya kitako cha takriban sehemu moja ya sita ya inchi. Kwa DPI 1200 unapata pikseli 200 kwa kitako chote, na herufi ndogo kama x itapata kama 80 au 90 kati ya hizo. Kwa DPI 300 ya ofisini, x hiyo inabaki na pikseli ishirini hivi. Hizo hazitoshi kukuonyesha serifu ilipojikunja.

Skani kwa rangi ya kijivu, si nyeusi na nyeupe tupu. Hifadhi kama TIFF. JPEG inakula kingo za herufi, na kingo ndizo ulizofuata.

Weka rula ndani ya picha. Kila picha. Ukirudi nyumbani huna njia nyingine ya kujua ukubwa halisi. Tena uangalie: wachapaji wa bara la Ulaya walipima kwa pointi ya Didot, milimita 0.376, kubwa kidogo kuliko pointi ya Waingereza na Wamarekani. Pointi 12 ya Warsaw si pointi 12 ya London. Vipimo vikikukataa, anzia kukagua hapo.

Kitabu cha zamani usikikandamize kwenye skana hadi uti ulie. Tumia kamera kutoka juu, taa mbili za pembeni, kitabu kikiwa kimefunguka nusu.

Kama una herufi zenyewe za risasi, piga chapa mpya. Wino kidogo kabisa, karatasi laini ya kung'aa, mkandamizo mwepesi. Piga nakala kumi. Utakazozitumia ni mbili.

Amua: wino au herufi?

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwingine kote ni ufundi, hapa ni uamuzi, na ni wako peke yako.

Wino ukikandamizwa hutanuka. Kona kali huwa butu. Matundu ya a na e huziba kidogo. Mstari mwembamba huonekana mnene. Je, unachora kile kilicho kwenye karatasi, au kile kilichokuwa kwenye risasi?

Majibu yote mawili yamewahi kufanya kazi. Mwitaliano Igino Marini alipozirudisha herufi za Fell, zile ambazo John Fell alikiachia Chuo Kikuu cha Oxford alipofariki mwaka 1686, aliacha kingo zikiwa na mikwaruzo na uvimbe wake. Ukizipanga unasikia karatasi. Ni nzuri kwa kitabu cha historia au lebo ya chupa. Kwenye skrini ya simu, kwa maandishi madogo, zinakuwa vumbi.

Njia ya pili ni kusafisha. Unachukua umbo, unaacha ajali. Fonti inakuwa ya kazi ya kila siku. Hatari yake ni kusafisha hadi roho itoke, ukabaki na herufi zisizo na kwao.

Mimi nakushauri hivi. Chukua mifano minane ya herufi ileile kutoka kurasa tofauti. Uweke mmoja juu ya mwingine kwenye programu ya picha, kila mmoja ukikolezwa asilimia kumi na mbili tu au zaidi kidogo. Kilichokolea katika zote ni herufi. Kilichofifia ni wino, karatasi au risasi iliyochakaa. Hapo huhitaji tena kubahatisha.

Kisha tazama kilichokolea ambacho kinakushangaza. Serifu iliyopinda upande mmoja tu. Nguzo inayonenepa kuelekea chini. Kama imejirudia kwenye mifano yote minane, si kosa, na usithubutu kuinyoosha. Hiyo ndiyo sababu uliianza kazi hii.

Jambo moja linawaponza wengi: ukubwa. Katika risasi, pointi 6 haikuwa pointi 24 iliyopunguzwa. Herufi ndogo zilichongwa pana zaidi, nene zaidi, zenye nafasi zaidi, ili zisomeke. Kwa hiyo usichanganye a ya ukubwa mmoja na g ya ukubwa mwingine. Chagua ukubwa mmoja, baki nao hadi mwisho. Kama fonti yako ni ya vitabu, fuata sampuli ya pointi 10 au 12. Kama ni ya mabango, fuata kubwa kabisa uliyopata.

Sasa washa kompyuta

FontForge ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Glyphs ni ya Mac na inalipiwa. FontLab inalipiwa pia, ipo kwa Windows na Mac. Anza na ile uliyonayo. Programu haijawahi kuchora a nzuri kwa niaba ya mtu.

Usitumie kitufe cha kufuatisha picha kiotomatiki. Kitakupa nukta mia mbili pale panapohitaji kumi na mbili, na kila ukigusa moja, mkunjo unavimba kwingine. Weka skani nyuma kama kivuli, chora juu yake kwa mkono. Nukta ziwe chache. Ziweke kwenye ncha: juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa.

Anza na n na o. Hizi mbili zinabeba karibu maamuzi yote: unene wa nguzo, mwinuko wa bega, umbo la duara, urefu wa herufi ndogo. Kutoka n unapata h, m, u na r. Kutoka o unapata b, d, p, q, c na e. Usizinakili tu na kubandika. Mafundi wa zamani hawakubandika, na p yao mara nyingi si b iliyopinduliwa. Rudi kwenye skani kila mara.

Hakikisha o imevuka mistari kidogo, juu na chini. Duara lililolingana sawasawa na x litaonekana dogo. Jicho ndivyo lilivyo.

Baada ya herufi nane hivi, simama. Andika maneno nazo. Chapa kwenye karatasi kwa ukubwa halisi na uiweke kando ya ukurasa wa zamani. Kama ukurasa wako ni mweusi kuliko wa kwao, nguzo ni nene mno. Rekebisha sasa, ukiwa na herufi nane, si ukiwa na mia mbili na hamsini.

Vimkia na vijiti

Fonti ya Kipolandi bila ą, ć, ę, ł, ń, ó, ś, ź na ż si fonti ya Kipolandi. Ni tisa ndogo na tisa kubwa, na hapo ndipo wageni huaibika.

Kijiti cha juu cha ć na ń, kinachoitwa kreska, kimesimama wima zaidi kuliko kile cha é ya Kifaransa. Ukikopi cha Kifaransa, Mpolandi ataona mara moja kwamba herufi imelala. Kimkia cha chini cha ą na ę, ambacho jina lake ogonek maana yake ni mkia mdogo, kinaota kutoka kwenye mwili wa herufi. Hakibandikwi kama kipande cha uzi. Chora herufi na mkia wake kama kitu kimoja. Mkwaju wa ł nao ukate nguzo kwa nguvu, usiguse tu kama unaomba ruhusa.

Mstari wa kujipimia ambao wapanga herufi wa huko huutumia ni zażółć gęślą jaźń. Maana yake ni ya kuchekesha kidogo, ila alama zote tisa zimo. Uchape kwa pointi 9 kisha uutazame ukiwa umenyoosha mkono.

Na kama uko Arusha, hapo Tengeru pana makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi waliofika Tanganyika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nenda ukaangalie majina kwenye mawe. Utajifunza mengi zaidi kuhusu ł na ż kwa nusu saa kuliko kwa wiki nzima ya skrini.

Nafasi, halafu w na y zetu

Nafasi kati ya herufi ni nusu ya fonti. Watu huichora herufi kwa miezi sita, kisha nafasi wanaziweka kwa siku moja. Fonti inatoka kama mdomo wenye meno mabovu.

Habari njema ni kwamba katika risasi nafasi ilikuwa sehemu ya herufi. Kila herufi ilikuwa na kitako chake, na kitako ndicho kilichoamua umbali. Kwa hiyo vipimo vimo ndani ya ukurasa. Pima umbali kati ya nguzo mbili katika nn, kati ya duara mbili katika oo, kisha kati ya n na o. Ukizipata hizo tatu, nyingine zinafuata.

Risasi ilikuwa na udhaifu wake pia. Kitako ni mstatili wa risasi, hakiingii ndani ya kitako cha jirani. Ndiyo maana W ikifuatwa na a iliacha pengo. Kompyuta inakuruhusu kuvuta jozi kama hizo karibu. Kazi hii huitwa keningi. Fanya kidogo. Ukihitaji kuvuta jozi elfu mbili, tatizo si jozi, ni nafasi zako za msingi.

Sasa ile sababu ya pili niliyokuahidi. Katika miaka ya 1920, Adam Półtawski aliitazama shida ya lugha yake. Herufi za Kilatini zinakaa vizuri kwenye Kilatini. Kipolandi kimejaa w, y, z na k, na hizo zina mistari ya mshazari. Zikijipanga nyingi, ukurasa unakuwa na miiba na mashimo. Akachora Antykwa Półtawskiego akizipa uzito herufi zile ambazo sentensi ya Kipolandi haiwezi kukaa bila hizo.

Baadaye Bogusław Jackowski, Janusz Nowacki na Piotr Strzelczyk waliirudisha kwa kompyuta. Hawakuvuta mikunjo kwa kipanya. Waliiandika kama programu, kwa zana iitwayo MetaType1, kila herufi ikiwa vipimo na milinganyo. Kama wewe ni mtu wa hesabu, njia hiyo ipo.

Soma tena hizo herufi: w, y, z, k. Halafu hesabu katika sentensi yako yoyote. Kwa, wa, ya, za, wake, yao, wakazi, vyakula, kiyoyozi. Shida ya Półtawski ni shida yetu sisi. Vitabu ambavyo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walivichapa Zanzibar katika karne ya 19 vilipangwa kwa herufi zilizotoka Uingereza, na hadi leo tunasoma Kiswahili kwa fonti zilizopimwa kwa lugha nyingine.

Basi pakua Antykwa Półtawskiego, upange nayo aya moja ya Kiswahili. Iweke kando ya aya ileile kwa fonti unayoitumia kila siku. Tazama rangi ya ukurasa kwa macho yaliyofumbwa nusu. Zoezi la dakika kumi, na litakufundisha unachotafuta katika fonti yako mwenyewe.

Na fonti yoyote unayofufua, ya taifa lolote, ipime pia kwa Kiswahili kama unataka itumike huku. Angalia Wa na Ya mwanzoni mwa sentensi. Angalia vy, zw, kw. Angalia ng'ombe na ng'ambo: kile kikoma cha juu katika herufi za zamani mara nyingi kina kitako kipana, na neno linakatika kuwa vipande viwili. Kivute karibu na g na herufi inayokifuata. Mtumiaji hatakushukuru, kwa sababu hataona kitu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Herufi ambazo hazikuwepo

Droo ya mwaka 1928 haina alama ya €, na mara nyingi haina @. Huenda haina hata mabano ya mraba. Lazima uzibuni.

Usizikope kutoka fonti nyingine. Jiulize fundi yuleyule angezichoraje. @ ianze na a yako ya kweli, kisha izungushiwe mkunjo wenye unene wa mistari yako myembamba. € ichukue duara la C. Namba zichore kutoka kwenye ushahidi kama zipo, kwani fonti nyingi za zamani zilikuwa na namba zinazopanda na kushuka kama herufi ndogo. Weka hizo, kisha ongeza seti ya pili ya namba zilizolingana kwa ajili ya majedwali na bei.

Weka kumbukumbu ya kila ulichobuni. Faili dogo la maandishi linatosha: hizi nimezipata, hizi nimezirekebisha, hizi nimezitunga. Mtafiti atakayekuja baada yako asije akadhani @ yako ni ya karne iliyopita.

Itoe

Toa OTF kwa wapanga vitabu na WOFF2 kwa tovuti. Leseni rahisi kwa fonti huru ni SIL Open Font License, toleo 1.1. Inamruhusu mtu kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, lakini si kuiuza fonti peke yake. Brygada 1918 imetoka kwa leseni hiyo, na ndiyo maana unaweza kuifungua na kujifunza ndani yake ilivyojengwa. Weka pia mafaili yako ya kazi, si fonti iliyokwisha tu. Na skani zako, kama makumbusho imekubali.

Mtaje aliyechora mwanzo, mahali pa kwanza, kabla ya jina lako.

Kabla hujatoa, mpe mzee wa kiwanda cha chapa kurasa tatu zilizochapwa. Hatazungumzia mikunjo. Atakuambia kwamba t yako imeegemea, au kwamba ile f walikuwa wanaivunja kila wiki kwa sababu ilikuwa na shingo ndefu. Andika kila neno. Kisha mpe kurasa hizohizo mtu asiyejua lolote kuhusu fonti, na umwache asome. Akifika mwisho akakuuliza kuhusu hadithi, toa toleo 1.0. Akikuuliza kuhusu herufi, bado uko 0.9. Rudi kwenye n.